Kikokotoo Kinapojibu 2030: Makosa ya Mwanzo ya Wanaojifunza Kuandika Programu

Maelezo yaliyotolewa kwa vijana na wazazi wa wadi ya Bofu, eneo bunge la Likoni. Yanachapishwa hapa kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kufika.



Mwaka 2022 Kenya iliidhinisha mtaala wa kufundisha uandishi wa programu za kompyuta katika shule za msingi na za sekondari. Mtoto wa leo anaweza kurudi nyumbani na kazi ya ziada ambayo mzazi wake hakuwahi kuiona darasani. Na karibu kila anayeanza kujifunza, awe Likoni au London, hupewa kazi ile ile ya mwanzo: kutengeneza kikokotoo. Namba mbili zinaingia, alama inachaguliwa, jibu linatoka. Kazi nzima inaweza kuandikwa kwa mistari ishirini. Lakini ndani ya mistari hiyo kuna mitego iliyowafanya vijana wengi wafunge simu na kusema, "Hii si kazi yangu."

Mazungumzo ya leo yanafuata kikokotoo kimoja tu, tangu mstari wa kwanza hadi kinapoaminika. Msichana anayekiandika ni wa kutunga. Makosa yake si ya kutunga. Ni yale yale ambayo wanaoanza huyafanya kila siku.

Tuseme msichana huyu amemaliza kidato cha nne na yuko nyumbani. Ana simu ya kawaida ya Android, na ndani yake ameweka Python. Hiyo ni lugha ya kuandikia programu iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum, na haina malipo. Mama yake anauza mahamri na mbaazi asubuhi, viazi karai jioni. Tena ndiye mweka hazina wa chama chao cha akina mama saba. Hesabu zake zote ziko kichwani na katika daftari lenye madoa ya mafuta. Binti akamwambia, "Mama, nitakutengenezea kikokotoo cha biashara yako." Akaandika hivi:

a = input("Namba ya kwanza: ")
b = input("Namba ya pili: ")
print(a + b)

Mama akajaribu. Mahamri ya shilingi 20, mbaazi ya shilingi 30. Kikokotoo kikajibu: 2030.

Mama akamtazama bintiye. "Mwanangu, hii ni bei ya mahamri au Ruwaza ya Kenya?"

Kilichotokea ni hiki. Agizo la input humwomba mtu aandike kitu, kisha hukipokea kama maandishi, hata kama kilichoandikwa ni tarakimu. Kwa Python, 20 iliyoingia kwa njia hiyo si ishirini. Ni herufi mbili, mbili na sifuri, zilizokaa pamoja kama herufi za jina. Na alama ya kujumlisha inapokutana na maandishi, haijumlishi. Inaunganisha. Ndivyo "Bofu" na "Likoni" vinavyokuwa "BofuLikoni", na ndivyo 20 na 30 vinavyokuwa 2030. Dawa yake ni kuigeuza kuwa namba pale pale inapoingia:

a = int(input("Namba ya kwanza: "))

Neno int humaanisha namba nzima, isiyo na nukta. Sasa 20 na 30 ni 50, na mama ameridhika kidogo.

Lakini hapa pana jambo la kutazamwa kabla ya kusonga. Kama binti angeanza na kutoa badala ya kujumlisha, asingepata jibu la ajabu. Angepata maandishi mekundu: TypeError, yaani aina ya kitu kilichotumika haifai kwa kazi hiyo, kwa sababu maandishi hayatolewi kwenye maandishi. Programu ingesimama. Kwa hiyo kosa ni moja, ila kwenye kutoa limepiga kelele na kwenye kujumlisha limenyamaza. Anayeanza huogopa lile la kelele. Lile la kimya ndilo linaloingia kwenye daftari la mama.

Maandishi hayo mekundu yana ubaya wake mwingine: yako kwa Kiingereza, na yanatoka mengi kwa pamoja. Kijana ambaye Kiingereza chake ni cha kubabaisha huyasoma kama karipio. Yasomwe kuanzia chini. Mstari wa mwisho ndio wenye jina la kosa, na juu yake kidogo panatajwa namba ya mstari ambao programu ilikwamia. Majina ya makosa yanayomhusu mwenye kikokotoo hayazidi vidole vya mkono mmoja. SyntaxError ni kosa la uandishi: mabano hayakufungwa, nukta mbili imesahaulika mwishoni mwa mstari wa if, au alama ya sawasawa imeandikwa moja pale panapotakiwa mbili. NameError ni kutaja jina ambalo programu hailijui, kama kuandika jibu hapa na Jibu pale. Kwa Python hayo ni majina mawili. ValueError ni thamani isiyogeuzika, kama mtu aliyeambiwa aandike namba akaandika "kumi". TypeError tumeshaiona. ZeroDivisionError ni kugawanya kwa sifuri. Mwenye kuyaandika hayo matano kwa Kiswahili nyuma ya daftari lake ataokoa saa nyingi.

Tena kuna makosa ya uandishi yanayotoka kwenye simu yenyewe. Mwanafunzi ananakili msimbo aliotumiwa na mwenzake, na zile alama za kunukuu zilizonyooka zimegeuzwa na simu kuwa zilizopinda. Jicho la binadamu halioni tofauti. Python inaiona, na inakataa. Wengine huandika herufi x wakitaka kuzidisha, kumbe alama ni nyota. Na WhatsApp hutumia nyota hiyo hiyo kukoleza maandishi, kwa hiyo msimbo uliotumwa kama ujumbe unaweza kufika ukiwa umepoteza nyota zake. Atumaye msimbo autume kama faili.

Turudi kwa mama. Siku ya pili alinunua viazi kilo moja na nusu. Akaandika 1.5, na programu ikaanguka kwa ValueError. Sababu ni ile int: haipokei nukta. Binti akabadilisha kuwa float, ambayo hupokea namba zenye nukta. Viazi vikapita. Sasa 20 jumlisha 30 ikatoka 50.0, na mama akauliza hiyo sifuri ya mwisho ni senti au ni nini. Si kosa, ni sura tu, na inaweza kurekebishwa wakati wa kuonyesha jibu.

Kisha mama akaandika mauzo ya siku kama anavyoandika daftarini: 1,500. Programu ikaanguka tena. Kwetu alama ya mkato hutenganisha maelfu. Python haikubali mkato ndani ya maandishi yanayogeuzwa kuwa namba. Hapa binti alifanya jambo ambalo wengi hulifanya wakiwa na haraka ya kuondoa wekundu: aliamuru programu igeuze kila mkato kuwa nukta. Wekundu ukaondoka. Na shilingi 1,500 zikawa shilingi moja na nusu.

Tazameni vizuri. Kosa la kelele limegeuzwa kuwa kosa la kimya, na mwenye programu anadhani ametengeneza. Njia sahihi ilikuwa kuufuta mkato kabisa:

a = float(input("Namba ya kwanza: ").replace(",", ""))

Baada ya namba ikaja alama. Binti alitaka mama achague mwenyewe kujumlisha, kutoa, kuzidisha au kugawanya. Kwanza aliweka orodha yenye namba, 1 kwa kujumlisha, 2 kwa kutoa, akaandika if chaguo == 1. Kila mama alipobonyeza 1, programu ilimwambia chaguo si sahihi. Ni kosa la 2030 limerudi kwa mlango mwingine: mama ameingiza maandishi "1", programu inalinganisha na namba 1, na kwa Python vitu hivyo viwili havifanani hata siku moja.

Akaacha orodha, akataka mama aandike alama yenyewe au neno lake kwa Kiswahili. Wazo zuri. Akaandika:

if alama == "+" or "jumlisha":
    print(a + b)
elif alama == "-" or "toa":
    print(a - b)

Akajaribu 20 + 30. Hamsini. Akajaribu 20 jumlisha 30. Hamsini. Akampelekea mama.

Jioni mteja akatoa noti ya 500 kwa vitu vya shilingi 180. Mama akaandika 500 - 180, na kikokotoo kikasema 680. Hapakuwa na wekundu wowote, wala onyo. Bahati ni kwamba mama ameuza viazi miaka mingi, na chenji ya 500 haimpigi chenga. Alicheka akarudisha 320. Lakini chombo kilichotengenezwa kumsaidia kilikuwa kimemwambia amrudishie mteja pesa zaidi ya alizopewa.

Kosa hili linastahili kuelezwa polepole, maana ni gumu kuliona hata kwa aliyesoma. Mtu akisema "kama alama ni kujumlisha au jumlisha," msikilizaji anaelewa kwamba swali ni moja lenye majibu mawili. Python haisikii hivyo. Inaona vipande viwili vilivyounganishwa na "au". Cha kwanza: je, alama ni "+"? Cha pili ni neno "jumlisha" likiwa peke yake, bila kulinganishwa na chochote. Na kanuni ya Python ni kwamba maandishi yoyote yasiyo matupu huhesabiwa kuwa "ndiyo". Kwa hiyo sharti lote ni "ndiyo" daima, na programu haifiki kamwe kwenye kutoa, kuzidisha wala kugawanya. Kila hesabu inakuwa ya kujumlisha. Linaandikwa upya hivi:

if alama == "+" or alama == "jumlisha":

Au kwa ufupi, if alama in ("+", "jumlisha"). Kosa lilipita kwa sababu binti alijaribu kujumlisha tu. Alijaribu mlango alioujua uko wazi.

Kugawanya nako kukaleta sifuri. Mtu akigawanya shilingi 600 kwa watu sifuri, hakuna jibu, si kwa kompyuta wala kwa mwalimu wa hesabu. Python husimama na kutaja kosa. Binti aliweka sharti kabla ya kugawanya: kama b ni sifuri, mwambie mtumiaji kwa Kiswahili kwamba haiwezekani. Vizuri. Kisha akaenda mbali mno, akaamua sifuri haifai popote. Alikuwa ameongeza sehemu ya kuweka matumizi ya siku, na humo akaandika kwamba programu irudie kuuliza hadi ipate namba:

while not nauli:
    nauli = float(input("Nauli ya leo: "))

Siku hiyo mama alivuka kwenda kisiwani kununua unga, kwa miguu hadi kwenye feri na kwa miguu hadi dukani. Watu wanaovuka kivuko cha Likoni kwa miguu hawalipi. Akaandika 0. Programu ikauliza tena. Akaandika 0. Ikauliza tena. Kwa Python namba sifuri huhesabiwa kuwa "hapana", sawa na kutokuwepo kwa kitu. Kwa mkazi wa Likoni nauli ya sifuri ni jibu kamili. Kutokujibu na kujibu sifuri ni mambo mawili, na programu ya pesa lazima iyatofautishe.

Kosa linalofuata wengi walilifundishwa kulikwepa shuleni kwa jina la BODMAS, kisha wakalisahau mbele ya skrini. Mama alitaka wastani wa mauzo ya siku tatu: 900, 1,200 na 600. Binti akaandika 900 + 1200 + 600 / 3. Jibu: 2300.0. Kompyuta iligawanya kwanza, 600 kwa 3 ikawa 200, ndipo ikajumlisha. Wastani wa kweli ni 900, na unahitaji mabano: (900 + 1200 + 600) / 3. Hapa pia hapakuwa na wekundu. Lakini hata bila kujua programu, mtu anaweza kulinasa kosa hili kwa kutumia akili ya kawaida: wastani hauwezi kuzidi siku iliyouza zaidi kuliko zote.

Sasa tufike kwenye senti, maana hapo hata wataalamu wamejikwaa. Mwenye Python ajaribu 0.1 + 0.2. Jibu litakuwa 0.30000000000000004. Wengi hudhani simu imeharibika. Haijaharibika. Kompyuta huhifadhi namba kwa tarakimu mbili tu, sifuri na moja, na katika mfumo huo sehemu ya kumi haiandikiki ikaisha, kama vile thuluthi isivyoisha kwa mfumo wetu: 0.333 na kuendelea. Kwa hiyo kompyuta hukata mahali, na kipande kidogo sana hupotea au huongezeka.

Kipande hicho kinaweza kukua. Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa vita vya Ghuba, mtambo wa Patriot wa jeshi la Marekani uliokuwa Dhahran, Saudi Arabia, ulishindwa kulikabili kombora la Scud lililokuwa likija. Wanajeshi 28 waliuawa. Uchunguzi ulionyesha kwamba mtambo ulikuwa ukihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, na kila sehemu ilikuwa na upungufu mdogo mno. Baada ya kukaa umewashwa kwa saa 100 hivi, upungufu huo ulikuwa umefikia karibu thuluthi ya sekunde, na kwa mwendo wa Scud hiyo ni zaidi ya nusu kilomita. Mtambo ulitazama mahali pasipo kombora.

Meza ya viazi karai si uwanja wa vita, lakini dawa ni ile ile: usihesabu kwa vipande pale unapoweza kuhesabu kwa vitu vizima. Programu ya pesa ihifadhi kiasi kwa senti, kama namba nzima, na igeuze kuwa shilingi inapoonyesha jibu tu. Shilingi 12 na senti 50 iwe 1250 ndani ya programu.

Kugawanya kwa vitu vizima kuna alama zake mbili, na mkazi wa pwani hazihitaji maelezo marefu, maana amekua nazo sokoni. Vibaba vinne ni pishi moja. Mwenye vibaba 10 ana pishi ngapi? Pishi mbili, na vibaba viwili vinabaki. Python huandika swali la kwanza 10 // 4, na jibu ni 2. Swali la baki huandikwa 10 % 4, na jibu ni 2. Wanaoanza huidhani ile alama ya pili kuwa asilimia, wakaandika 500 % 16 wakitarajia asilimia 16 ya 500. Wanapata 4, yaani baki ya 500 ikigawanywa kwa 16, na kama hawajui hesabu yao mapema wataiandika hiyo 4 kuwa kodi.

Na kwa kuwa kodi imetajwa. Tarehe 1 Aprili 2020, janga la korona lilipoingia, Kenya ilishusha ushuru wa VAT kutoka asilimia 16 hadi 14. Tarehe 1 Januari 2021 ukarudi 16. Mwenye programu aliyeandika 0.16 katika mistari tisa tofauti alilazimika kuitafuta yote tisa, mara mbili ndani ya miezi tisa. Akisahau mmoja, risiti moja kati ya nyingi inakuwa na kodi isiyo sahihi, na hakuna atakayejua. Kiwango kinachoweza kubadilishwa na serikali, au bei inayoweza kubadilishwa na soko la unga, iandikwe mara moja, juu kabisa, kwa jina lake, na mistari mingine yote iite jina hilo. Tena anayetaka kuiondoa VAT kwenye bei iliyokwisha kuijumuisha asitoe asilimia 16. Kitu cha shilingi 100 huuzwa 116 pamoja na kodi. Ukitoa asilimia 16 ya 116 utabaki na 97 na senti 44. Gawanya kwa 1.16 ndipo 100 irudi.

Jirani zetu wa Tanzania wanalijua neno kikokotoo kwa uchungu zaidi. Mwaka 2018 neno hilo lilitoka kwenye vitabu vya hesabu likaingia kwenye kila mazungumzo ya watumishi wa umma, kwa sababu kanuni mpya ya mafao ya uzeeni ilikuwa imeweka malipo ya mkupuo kuwa asilimia 25, ilhali baadhi ya mifuko ya awali ilikuwa ikilipa asilimia 50. Desemba mwaka huo Rais John Magufuli aliisimamisha. Mwaka 2022 ikaja kanuni nyingine ya asilimia 33. Mashine za kuhesabia zilikuwa sahihi muda wote huo. Kilichobishaniwa ni namba aliyoiweka mtu ndani yake, na kila kikokotoo, hata cha mistari ishirini, kina maamuzi ya namna hiyo ndani yake.

Binti wa Bofu alikutana na uamuzi wake mwisho wa mwaka, chama kilipovunja sanduku. Zilikuwa shilingi 10,000 za kugawana akina mama saba. Kikokotoo kikasema 1428.5714285714287. Binti akaikadiria kwa namba nzima iliyo karibu, 1,429. Mama akaanza kuhesabu noti na sarafu mezani, mmoja baada ya mwingine, na alipofika kwa wa saba pesa hazikutosha. Zilipungua shilingi tatu. Mara saba ya 1,429 ni 10,003, na sandukuni zilikuwamo 10,000.

Mweka hazina yeyote anajua kwamba shilingi tatu si tatizo. Tatizo ni maneno. Nani alihesabu? Kwani zilizobaki ziko wapi? Simu ya binti ndiyo iliyosema, na simu haiulizwi.

Baada ya siku ile alifanya kile ambacho angepaswa kufanya kabla ya mama kukishika kikokotoo mara ya kwanza. Alikaa na mama na karatasi, wakaandika hesabu ambazo mama anajua majibu yake kwa kichwa. Waliweka 20 na 30, na 500 toa 180. Wakaweka pia 180 toa 500, ili kuona kama hasi inatoka. Wakaweka kilo 1.5 za viazi, 1,500 yenye mkato, sifuri, kugawanya kwa sifuri, na neno "kumi" limeandikwa kwa makusudi. Kila alama walijaribu, si kujumlisha peke yake. Na kila binti alipobadilisha mstari mmoja wa programu, walirudia karatasi yote tangu juu, kwa sababu kurekebisha pale kuliweza kuharibu hapa, kama ule mkato uliogeuzwa nukta. Mama, ambaye hajui mstari hata mmoja wa Python, ndiye aliyegundua makosa mawili ya mwisho.

Kuhusu mgao, binti alibadilisha mistari miwili:

print("Kila mmoja:", jumla // wanachama)
print("Baki:", jumla % wanachama)

Kila mmoja: 1428. Baki: 4. Alimwuliza mama zile shilingi nne programu impe nani. Mama akasema programu isimpe mtu. Iziandike tu zionekane, na wenyewe wataamua wakikutana. Walipokutana waliamua zibaki sandukuni, ziwe za kwanza za mwaka unaofuata.